“Do.” Si Jina la Mvinyo

Barua za wanaosoma leja za zamani za wauza mvinyo, yaani madaftari yao ya hesabu, zimerundikana tangu mwezi uliopita, na nyingi ni za neno moja lililokatwa kwa simu: picha ya ukubwa wa stempu, herufi nne za wino wa kahawia, kisha “mzee, hii inasomekaje?” Nimezisoma zote. Nimejibu zilizokuja na ukurasa mzima, pamoja na chache ambazo hazikuhitaji ukurasa, zilihitaji muulizaji atulie tu. Wengine mtangoja.

SWALI: Kwenye leja ya muuza mvinyo wa London, ya miaka ya 1790, baada ya mstari mmoja wa “Port” inafuata mistari kumi na mmoja ya mvinyo unaoitwa “Do.” Je, ni kifupi cha Douro, bonde unakotoka mvinyo wa Porto? (Msomaji, Leicester)

JIBU: Hapana. Ni kifupi cha “ditto”, yaani “kama hapo juu”. Yote kumi na mmoja ni Porto. Hii ni mara ya nne mwaka huu naulizwa “Do.”, na mara zote nne muulizaji alikuwa keshaijengea nadharia.

SWALI: Pipa moja la mvinyo, lile leja zinaloliita “pipe”, lilikuwa lita ngapi? Tovuti tatu zimenipa majibu matatu na Ijumaa natakiwa kukabidhi sura ya pili ya tasnifu. (Mwanafunzi, London)

JIBU: Majibu yote matatu yanaweza kuwa sahihi, na hapo ndipo penye kazi.

Neno lenyewe unalo nyumbani. Ndilo pipa letu, lile la kukingia maji ya mvua uani. Tulilipokea kwa Mreno, pamoja na mvinyo wenyewe, maana vinho ndiyo mvinyo, na pamoja na kasha la kupangia chupa. Kwa hiyo wewe usiulize “pipe” ni nini. Uliza ni pipa la nini.

Pipa la Porto wafanyabiashara wa Uingereza walilihesabu galoni 115. La mvinyo wa Madeira, kisiwa cha Ureno, 92. La mvinyo wa Jerez ya Hispania, ambalo leja italiita “butt”, 108. Pipa dogo la mvinyo mwekundu wa Bordeaux ya Ufaransa, linaloandikwa “Hhd”, yaani hogshead, 46. Hiyo ni hesabu ya mdomoni, ya kupatania bei. Mpimaji wa forodha alipotumbukiza fimbo yake tundu la juu angeweza kukuta pungufu kidogo au zaidi kidogo, na ushuru ulifuata fimbo, haukufuata jina la pipa.

Halafu, galoni ipi? Sheria ya vipimo ya 1824, iliyoanza kutumika 1826, iliwaletea Waingereza galoni mpya ya lita 4.546. Kabla ya hapo mvinyo ulipimwa kwa galoni yake, lita 3.785. Pipa la Porto lililoandikwa galoni 138 mwaka 1815 na lile lililoandikwa 115 mwaka 1835 yana kiasi kile kile cha mvinyo. Nimewahi kusoma kazi ya mtu aliyegundua hapo “wizi mkubwa wa Wareno”, na mwalimu wake akaipitisha. Jihadhari vilevile na vikokotoo vya mtandaoni: galoni ya Marekani ya leo ndiyo ile ile galoni ya zamani ya mvinyo, kwa hiyo kikokotoo kitakupa jibu la mwaka 1815 kwa leja ya mwaka 1880, wala hakitaona haya.

Njia ya uhakika ni kuiacha leja ijieleze. Katika biashara ya Uingereza galoni moja mpya ilitoa chupa sita, yaani dazeni moja ni galoni mbili. Fungua ukurasa wa siku waliyojaza chupa. Ukikuta pipa la Porto limetoa dazeni 56, hizo ni galoni 112. Zile tatu zilizobaki ni mashapo ya chini, mvinyo uliolowanisha sakafu, na koo la kijana wa ghala. Ukikuta pipa la Porto limetoa dazeni 57 na nusu kamili, basi ama mwandishi wa leja alikaa mezani ghorofani na kugawa 115 kwa mbili, ama kuna pipa jingine lilichangia. Hiyo ndiyo sura yako ya pili, ndugu yangu. Lita andika kwenye tanbihi.

SWALI: Meli ilifika “14 8br 1738”. Nimeandika Agosti. Msimamizi wangu ameweka duara jekundu bila maelezo. (Mwanafunzi mwingine, London)

JIBU: Msimamizi wako yuko sawa, ingawa angeweza kuwa na maneno mawili matatu. 8br ni Oktoba. Octo ni nane kwa Kilatini, na Oktoba ilikuwa ya nane tangu enzi ambazo mwaka wa Warumi ulianza Machi. 7br ni Septemba, 9br Novemba, Xbr Desemba.

Ukimaliza kusahihisha hilo, rudi ukague Januari, Februari na Machi zako zote. Uingereza hadi 1751 ilianza mwaka tarehe 25 Machi. Mvinyo ulioingia ghalani “10 Feb 1738” uliingia, kwa hesabu yetu, Februari ya 1739. Ndiyo maana unaona mapipa “yanauzwa kabla ya kununuliwa”, jambo ulilolieleza kwa aya mbili za nadharia ya mikopo.

SWALI: Natafsiri orodha ya mali ya muuza mvinyo. Je, “mapipa mawili ya hema kwa ajili ya kanisa” ni sahihi? Na huyu Ho Bryan anayetajwa mwaka 1663 ni mteja kutoka Ireland? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nimecheka, lakini kwa adabu.

“Tent” hapo si hema. Ni tinto la Kihispania, yaani mvinyo mwekundu uliokoza, lililopita kwenye mdomo wa Mwingereza likatoka hivyo. Makanisa yaliupenda kwa Meza ya Bwana, kwa hiyo sehemu ya kanisa umeipata barabara.

Ho Bryan naye si Mwairishi. Soma kwa sauti, usome kwa pua kidogo kama Mfaransa: Haut-Brion, shamba la Bordeaux. Samuel Pepys, Mwingereza aliyeandika shajara, aliunywa mvinyo wake katika baa moja ya London Aprili 1663 na kuandika jina kama alivyolisikia. Ukikutana na “Pontack”, mara nyingi ni mvinyo wa mlango huo huo, maana wenye shamba walikuwa ukoo wa Pontac.

Hii ndiyo dawa ninayoitoa kila siku na watu hawainywi: soma kwa sauti. Karani wa ghala hakuwa amesoma Kifaransa wala Kijerumani. Alikuwa na sikio, kalamu ya unyoya na bosi anayefoka. Hochheim ya Ujerumani ikawa “hock”, na jina hilo la kijiji kimoja likafunika mvinyo wote wa mto Rhine. Monemvasia ya Ugiriki ikapita midomo mingi hadi ikawa “Malmsey”, kisha likawa jina la Madeira mtamu, kisiwa kingine kabisa. Sisi tulioandika “skonzi” na “boflo” tunapaswa kumwelewa karani huyu upesi kuliko mtu yeyote.

SWALI: Pembeni mwa bei kuna herufi ndogo kama “hh/i” au “hx/i”. Je, ni vifupisho vya majina ya wateja? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: La. Umeingia chumbani kwa mwenye duka na hukugonga mlango. Hiyo ni bei aliyonunulia, imefichwa.

Muuza mvinyo alikuwa na vijana dukani, na mteja mwenye cheo aliweza kuinama juu ya meza akachungulia leja. Kwa hiyo bei ya kuuzia iliandikwa wazi, na bei ya kununulia ikaandikwa kwa neno la siri la herufi kumi zisizojirudia, kila herufi ikisimama mahali pa tarakimu. Tutengeneze letu: CHUMVI PESA. C ni 1, H ni 2, U ni 3, M ni 4, V ni 5, I ni 6, P ni 7, E ni 8, S ni 9, A ni sifuri. Katika duka la Chumvi Pesa, hh/i ni shilingi 22 na peni 6. Wajanja waliongeza herufi ya kumi na moja ya kurudia, tuseme x, ili tarakimu mbili zinazofanana zisijifichue, ndipo 22/6 inakuwa hx/i. (Ule mkwaju kati ya shilingi na peni unaujua: ndio ulioacha kivuli chake kwenye 500/= ya dukani kwetu.)

Kuivunja siri hakuhitaji programu. Kunahitaji daftari la manunuzi la nyumba hiyo hiyo, ambako bei ziko wazi kwa sababu mteja hakulifikia. Tuseme pipa la Porto limefika ghalani kwa pauni 63, nauli na ushuru ndani, likatoa dazeni 56. Pauni moja ni shilingi 20, na shilingi moja ni peni 12, kwa hiyo ni shilingi 1,260. Gawa kwa 56: shilingi 22 na nusu, yaani 22/6. Sasa nenda kwenye ukurasa wa kuuzia, tafuta dazeni za pipa hilo, uone pembeni pana nini. Umepata H na I kwa mkupuo mmoja. Pata mapipa matano ya namna hiyo na neno zima linaanza kujiandika lenyewe.

Onyo. Kuna watu wawili wameniandikia kwamba “wamevunja” siri ya leja kwa kubahatisha neno la Kiingereza na kuliona “linakaribia”. Hesabu ya biashara haikaribii. Ama inafunga, ama huna kitu.

SWALI: Kwa nini muuza mvinyo alinunua mayai kwa mamia, na kitu kilichotoka kwenye samaki? Alikuwa na duka la vyakula pia? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Na wewe ukae Mwanza uulize swali la samaki! Mvinyo wa pipani haung'ai, una chembechembe. Walipiga ute wa mayai, wakaumimina kwa tundu la juu, wakakoroga kwa fimbo, wakaacha siku kadhaa. Ute unashuka chini ukikokota uchafu wote, na mvinyo unabaki unang'aa. Mayai matano sita yalitosha pipa dogo la Bordeaux. Kwa mvinyo mweupe walipenda bondo: kibofu cha hewa cha samaki aina ya stajeni, kimekaushwa, kikalowekwa hadi kikawa kama uji mwepesi. Mabondo ya sangara yanayonunuliwa kwa bei ya kufuru hapo kwenu ni jamaa wa dawa hiyo hiyo. Damu ya ng'ombe nayo ilitumika kwa mvinyo mwekundu.

Kwenye leja utaona “fined”, yaani umesafishwa hivyo, kisha siku kadhaa mbele “racked”, yaani umehamishiwa pipa safi taratibu na mashapo yameachwa nyuma. Maneno hayo yakija kwa mpangilio wa kinyume, huenda umesoma tarehe vibaya. Rudi kwenye jibu la 8br.

SWALI: Nimetafsiri “ropy” kuwa mvinyo wenye kamba, na “pricked” kuwa mvinyo uliochomwa sindano. Mhariri ananisumbua. (Mfasiri, Dar es Salaam)

JIBU: Mhariri wako apewe soda. “Ropy” ni mvinyo uliofanya mlenda. Unaumimina unavutika kama bamia, kwa sababu ya bakteria. Kiswahili kina neno hilo jikoni, sijui ulilikimbia kwa nini. “Pricked” ni mvinyo ulioanza kuchachuka kuelekea siki, ule unaouma ulimi. Andika “umeanza kugeuka siki” na usonge mbele.

Mstari unaofuata kwenye ukurasa uliotuma ndio ulipaswa kukukosesha usingizi, nawe umeuruka: “stum’d”. Stum ni maji ya zabibu yaliyozuiwa kuchacha, kwa kawaida kwa moshi wa salfa. Waholanzi waliyaita stom, bubu, kwa kuwa hayachemki wala hayatoi sauti, na Wafaransa nao wakasema mvinyo bubu. Ukiyamimina kwenye mvinyo uliochoka, yanachacha upya na mzee anarudi ujana kwa wiki chache, muda wa kutosha kumuuza. Kwa hiyo mistari mitatu hiyo, mlenda, siki, bubu, ni hadithi ya pipa moja lililougua, likapakwa wanja, likapelekwa mjini.

Hapa niseme jambo ambalo hukuuliza. Nachoshwa na watu wanaosoma leja hizi wakiota kwamba zamani mvinyo ulikuwa mvinyo. Bordeaux walikuwa na kazi iliyoitwa waziwazi travail à l'anglaise, kazi ya Kiingereza: mvinyo wao mwepesi uliongezwa mvinyo mzito wa Hispania, wa Alicante au Benicarló, ukachachushwa tena na stum, kwa sababu mnywaji wa London alitaka kitu cha kumshika koo. Ukiona “hermitagé”, umetiwa mvinyo wa Hermitage kutoka bonde la Rhône, na muuzaji hakuona aibu, aliandika kama sifa. Ureno hali ilifika mbali zaidi. Pombal, waziri mwenye nguvu wa Ureno, alipounda kampuni ya mvinyo ya Douro mwaka 1756, ilitoka na amri ya kung'oa vichaka vya baga, matunda madogo meusi waliyotumia kuupaka rangi Porto uliopauka. Serikali haing'oi vichaka vya watu wawili watatu. Ilikuwa desturi.

SWALI: “E.I. Madeira” ni Madeira iliyotengenezwa India? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Hapana. E.I. ni East India, na hiyo ni Madeira iliyokwenda India na kurudi. Waligundua kwamba joto la tumbo la meli, kuvuka tropiki mara mbili, linaupika mvinyo huo ukawa mzuri zaidi, kwa hiyo mapipa yalisafirishwa makusudi, na bei ya safari ikawekwa juu ya bei ya mvinyo. Wareno waliuita vinho da roda, mvinyo wa mzunguko. Na ukiona “London Particular”, hilo ni daraja la Madeira lililoandaliwa kwa soko la London. Ukungu mchafu wa jiji hilo nao ulipewa jina hilo, usichanganye.

SWALI: Neno “Cafk” sijalipata kwenye kamusi yoyote. (Wasomaji wanne)

JIBU: Ile si f. Ni s ndefu ya maandishi ya zamani. Soma “Cask”, pipa.

SWALI: Jamaa ananiuzia chupa ya Bordeaux ya karne ya 18 pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari la ghala unaoonyesha namba ya tundu, mwaka na shamba. Je, ukurasa unatosha kuwa ushahidi? (Msomaji, Hamburg)

JIBU: Ushahidi wa nini? Ukurasa unathibitisha kwamba siku fulani tundu namba fulani lilikuwa na mvinyo fulani. Tundu la ghala, “bin”, ni chumba kidogo cha matofali kinachojazwa, kinamalizwa, kinajazwa kingine. Kigae cheupe chenye namba kilichoning'inizwa mlangoni kilibaki pale pale huku chupa zikipita. Kuunganisha chupa ya leo na tundu la 1790 kwa namba ni sawa na kusema kiti cha daladala ni changu kwa sababu babu yangu alikikalia.

Desemba 1985 mnada mmoja London uliuza chupa ya Lafite ya 1787 kwa pauni 105,000. Kioo kilichongwa “Th.J.”, ikisemwa ilikuwa ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Jefferson huyo alikuwa mtu wa kuandika kila senti: barua za kuagiza mvinyo, bili, hesabu za kila siku kwa miaka karibu sitini. Watafiti wa nyumba yake, Monticello, walipopekua hawakukuta ushahidi kwamba chupa hizo zilikuwa zake. Watu hawakutaka kusikia. Miaka ishirini baadaye mnunuzi mwingine wa chupa za kundi hilo, Bill Koch, aliajiri wachunguzi, nao wakasema michongo ile ilifanywa kwa chombo cha umeme. Karatasi zilikuwa zimeshasema mapema, tena bure.

Muulize jamaa yako kitu kimoja: leja nzima iko wapi? Mwenye leja halali atakupeleka ukaifungue, uone ukurasa wa kabla na wa baada, uone mvinyo huo unaingia, unajazwa chupani, na dazeni zake zinatoka moja moja kwa majina ya wanunuzi. Zikiisha zote kwenye leja, na yeye bado ana moja mkononi, una jibu. Hela zako usizitoe.

SWALI: “Ull. 9” maana yake chupa tisa? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Si chupa. “Ullage” inatoka kwenye neno la Kifaransa la kulijaza pipa hadi kwenye jicho lake, yaani tundu la juu. Kwa Mwingereza ikageuka kuwa habari ya pipa lisilojaa. Tisa hiyo inaweza kuwa galoni zilizopungua, galoni zilizobaki, au inchi za fimbo, na kwenye inchi napo kuna inchi kavu, juu ya mvinyo, na inchi zilizolowa, ndani yake. Tofauti kati ya hayo ni pipa karibu kujaa na pipa karibu kuisha. Picha yako imekata safu ya kushoto, ambako karani huandika aina ya pipa, na jumla ya chini. Nitumie ukurasa mzima, na wa nyuma yake.